Chura wa Tatu Amefika, Lusajo

Lusajo, ndugu yangu mbishi,

Amefika. Chura wa tatu amefika, wewe hupo, na mimi sina mtu wa kubishana naye. Nimekukasirikia hata kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

Alishushwa melini Dar, bosi akanipigia simu mimi. Akasema kuna kigari cha milango miwili cha tajiri mmoja wa Lilongwe, kipelekwe Kasumulu mpakani, na mwenyewe ameomba dereva mtu mzima asiye na papara. Nikajua tu ni yeye, toleo la tatu la lile gari tulilolibatiza Chura. Nilipoingia yadi nikakuta yale macho yaliyotoka yananitazama kutoka kwenye mstari wa magari, nikasimama pale na karatasi mkononi nikalia, bwana. Mbele ya madereva wenzetu wote wa IT, wapeleka magari ya watu mipakani. Hakuna aliyenicheka, na ungekuwapo ungenicheka wewe.

Haya, nikupe ripoti kama tulivyokuwa tukipeana kila tukiteremsha magari ya watu kutoka bandarini. Unamkumbuka Chura wa kwanza, yule mwekundu tuliyempeleka tukiwa bado wageni wa kazi? Mwepesi, usukani mgumu, kila kokoto ya barabarani unaisikia vidoleni. Wa pili akaja na nguvu maradufu lakini mwili ule ule mwembamba na injini ile ile mgongoni mwa dereva, ukaapa kwamba hatatokea mwingine wa kumzidi. Sasa huyu wa tatu ni mpana, mrefu, mzito. Ana kioo kikubwa katikati kama televisheni ya sebuleni. Mlima wa Kitonga ameupanda bila kuhema, na ndani kimya hadi nikawa nasikia saa yangu ya mkononi. Ungesema amekula wali wa Kyela akasahau kuruka, na ungekuwa umesema kweli.

Na Nyundo? Nyundo wangu, yule mpinzani wa Chura wako, naye ametoka mpya, nilimwendesha mwezi uliopita. Bado injini mbele, bado anavuta kwa magurudumu yote manne, bado anakaa barabarani kwa heshima zake. "Lori lililovaa suti," ulikuwa unamwita, ushindwe! Lakini kwenye kona nimewapima wote wawili, na Chura huyu, pamoja na unene wake, anaingia kabla Nyundo hajaamua. Umeshinda. Nimesema. Furahi basi huko uliko, maana sitarudia.

Siandiki kwa ajili ya magari, lakini. Naandika kwa ajili ya mama yako.

Tangu tukuzike Mwaya kando ya baba yako, amerudi kwao Ikombe, kando ya ziwa. Anafinyanga vyungu, anavichoma, wenzake wanampelekea sokoni Lyulilo. Yeye mwenyewe hapandi mtumbwi kwenda popote, hataki kuonana na watu. Ni kwa sababu ya lile neno, mwendo kasi. Siku ya msiba wako, wanaume wanacheza ngoma ya msiba, nyama inachemka, na kila upande wa uwanja unasikia: mwendo umemuua, mwendo umemuua. Halafu mchungaji akasimama. Hakukutaja jina, akahubiri juu ya vijana wanaokimbia kuliko uhai wao. Mama yako amekaa kwenye mkeka pale mbele yake kabisa, na nilimwona akiinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa na mali ya wizi. Yule mchungaji sijamsamehe, na sijui nitaanza lini.

Kila nikienda kumwona, ananikaribisha, ananipa samaki, halafu linakuja swali lile lile. "Gwamaka, mwanangu alikuwa anakimbilia nini?"

Nimjibu nini? Siku ya ajali nilibaki Tukuyu kunywa chai, ukatangulia. Nilipokuja na Nyundo nikakuta watu wamejaa kwenye kona, na Chura wa pili yuko kwenye migomba, magurudumu juu. Sikuona ilivyotokea. Ninavyokujua unavyopenda kukanyaga mafuta, niliamini kama wao. Mama yako alikuwa anauliza, mimi natazama samaki kwenye sahani.

Sasa sikiliza. Nimeshuka kutoka Tukuyu na huyu wa tatu, mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka ya kuisha. Nikafika kwenye kona yako, ile inayojikunja mara mbili. Hapo sipiti tena kwa raha, nilikuwa naenda taratibu. Mara mbuzi huyo katikati ya lami! Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikagusa breki. Lusajo, mkia ulitoka. Niliusikia kiunoni. Nikasema basi, leo tunalala kona moja. Ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, gari likajishika lenyewe, likarudi kwenye mstari wake. Mbuzi akanitazama, akaondoka zake.

Niliegesha pembeni. Huyu ana kompyuta ya kumshika mkia. Wa pili hana. Na wewe ndiwe uliyekuwa ukituimbia kila siku kwa majivuno, kwamba Chura wa pili ukimkanyagia mafuta kwenye kona anakaa, ukimwogopa katikati anageuka akutazame. Anayekimbia anapita. Anayepunguza ndiye anayegeuzwa. Nilikaa ndani ya gari la watu mvua inapiga bati, nikasema kwa sauti: basi huyu jamaa alipunguza. Alipunguza! Kwa nini?

Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza ndizi chini ya turubai. Nikavuka. "Ugonile, mama," nikamsalimu. Alikuwa analitazama gari, midomo inamcheza. Akasema gari kama hili ndilo lililoanguka hapa. Nikamwambia aliyeanguka ni ndugu yangu. Alikaa chini kwenye matope, mtu mzima yule, akajifunika uso na khanga.

Aliniambia alikuwa anavuka na mkungu wa ndizi kichwani, akateleza katikati ya lami, akapiga magoti. Akainua macho, akakuona. Anasema mlitazamana. Hukupiga honi. Ulikanyaga breki, gari likazunguka lote, likapita kwake upande, akasikia upepo wake shavuni, likaenda kwenye migomba. Hakumwambia mtu yeyote. Aliogopa wataambiana kwamba ndiye aliyemuua kijana wa watu. Kila alfajiri anafungua biashara yake mbele ya kona ile ile kwa sababu hana pengine pa kuuzia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama una mama. Nikasema unaye. Akasimama akachagua mkungu mkubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, akaniambia nimpelekee.

Nililikabidhi gari Kasumulu, kesho yake nikaenda Matema na mkungu wangu kutafuta mtumbwi wa Ikombe. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilikuwa na jibu! Nilikuwa nayapanga maneno njia nzima: mama, hakuwa anakimbilia kitu, alikuwa anasimama. Niliwaza nitamfuata na mchungaji vilevile, nimsimulie mbele ya usharika wake wote.

Tukaingia majini, nikaulaza mkungu nyuma yangu, mwisho kabisa wa mtumbwi. Mwenye mtumbwi akaacha kupiga kasia. Akasema, "Bwana, mzigo hapo hapana. Nyuma ikilemewa, nikikata kona tunazungushwa." Nikauvuta mbele, tukaendelea.

Hapo ndipo furaha yangu ilipokufa, Lusajo. Maana nilikumbuka viazi.

Unakumbuka tulivyosimama Isyonje asubuhi ya ajali? Mama yako alikuwa amekupigia simu, usipite mikono mitupu, niletee viazi vya huko juu kwenye baridi. Ukanunua viroba viwili vimejazwa hadi shingoni. Buti la mbele lilikuwa limejaa tairi la akiba na vikorokoro vya mwenye gari, ukavisokomeza kwenye lile buti la mkiani, nyuma ya injini. Niliona ukibana mfuniko kwa goti huku unacheka, "Chura ameshiba leo." Na kwenye kona, siku ile, viazi vilikuwa vimetapakaa kwenye migomba kote. Nilivikanyaga nikikukimbilia. Na bado sikuviwazia.

Gari jepesi, injini nyuma, na juu yake viroba viwili mkiani kabisa. Bila vile huenda lingezunguka nusu likasimama barabarani, ukatoka umelowa jasho, tukacheka hadi mpakani. Huenda. Sitajua kamwe. Ila wewe na mimi ni madereva, tunajua mkia ukishalemewa unafanyaje.

Nilitamani yule bwana ageuze mtumbwi. Sikumwambia. Tukafika.

Mama yako nilimkuta ana udongo hadi viwikoni. Nikamsimulia yote ya yule mama wa ndizi, nikampa mkungu. Kisha akapiga ukelele, akaita jina lako, Lusajo, Lusajo wangu, jina ambalo halijatoka kinywani mwake tangu makaburini. Majirani wakaja mbio wakidhani amekufa mtu mwingine. Akanilazimisha niwasimulie upya, kila aliyechelewa naye asimuliwe upya. Alikuwa ananisahihisha: "Sema pale alipokanyaga breki. Hukusema pale." Wanawake wanaitikia ndaga fijo, ndaga fijo, asante sana, na yeye amekaa ameupakata ule mkungu mapajani. Nilimwona akiwatazama watu usoni, mmoja mmoja. Kwa hilo tu, ningekuwa na uwezo ningekuamsha uje uone.

Walipoondoka tukabaki wawili. Akaosha mikono polepole sana, kidole kwa kidole. Akasema bila kugeuka, "Na viazi vyangu aliviweka wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akageuka. "Kwenye gari lile, Gwamaka. Mzigo wangu. Aliuweka mbele au nyuma?"

Mwanamke huyu amepakia vyungu kwenye mitumbwi tangu akiwa msichana. Anajua mzigo unafanya nini. Na nikaona usoni mwake kwamba swali hili hakulipata leo. Alikuwa nalo siku zote, chini ya lile jingine. Lile la kukimbilia nini alikuwa ananiuliza kwa sababu hili hakuthubutu.

"Mbele, mama," nikasema. "Yale magari buti lake liko mbele."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Niliviona kwa macho yangu."

Alinitazama muda, mimi nami nikamtazama, sikupepesa. Sijawahi kudanganya hivyo maishani mwangu, Lusajo, hata kwa askari wa barabarani. Akashusha pumzi ndefu, akasema, "Basi," akaenda kuniwekea samaki. Kama aliamini au alinihurumia tu, sijui. Nilikula hadi miiba.

Mchungaji habari imeshamfikia, Ikombe nzima inaisema, sina haja ya kumfuata. Yule mama wa ndizi nitapita kumwambia mkungu umefika na umepokelewa. Na tajiri wa Lilongwe atamfurahia Chura wake mnene, hatajua kwamba ile taa ya njano ikiwaka siku moja, kuna mtu aliyeihitaji kabla yake.

Nimekukosa, ndugu yangu. Barabara imekuwa ndefu, magari mazuri yanakuja na nayapeleka kimya kimya kama mtu anayesindikiza maiti. Nakuahidi neno la viazi halitatoka kinywani mwangu, hata nikilewa, hata nikiwa kitandani nakata roho. Nitalibeba mimi. Mama yako nitamwangalia hadi siku yake, na siku hiyo nitakuwepo kumbeba.

Na wewe nikuombe moja, kwa vile safari hii huwezi kunibishia. Akifika huko, atakukumbatia kwanza, halafu najua atakuuliza nini. Usijifanye mkweli, Lusajo. Mtazame machoni kama nilivyomtazama mimi, umwambie vilikuwa mbele.

Lala, ndugu yangu. Lala salama.

Wako,
Gwamaka