Televisheni Ndogo Niliyoichagua

Same Mjini, Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Baba kimepata nafuu sasa mvua zimepungua huko kijijini Mamba. Tangawizi ya shamba la juu mmeshaivuna? Sisi huku ni wazima, na masomo yanaendelea vizuri. Mama Mdogo alitaka nikupigie simu nikueleze jambo hili, lakini nikisikia sauti yako nitashindwa kusema. Ndiyo maana naandika.

Ile televisheni yao ya chogo, ya zamani yenye mgongo mnene, imekufa. Picha ilipotea kabisa, ikabaki sauti tu. Jana Baba Mdogo alitupeleka dukani kununua nyingine, hasa kwa ajili ya Bibi, mama yake, ambaye macho yake yamepungua nguvu na furaha yake ni kwaya za Jumapili. Dukani zilikuwa zimepangwa ukutani, kubwa kwa ndogo, zote zikionyesha samaki walewale. Baba Mdogo akanigeukia.

"Nakijwa, wewe ndiye msomi wetu. Chagua."

Mama, nilifanya kama ulivyotulea. Tukikaribishwa nyama kwa watu, tunachukua kipande kidogo. Basi nikaonyesha ile ndogo kuliko zote, iliyozidi sinia letu kidogo tu.

Muuzaji akacheka. "Dada, hiyo watu wanaweka saluni."

"Nimemwambia achague, amechagua," alisema Baba Mdogo. "Tufungie."

Mama Mdogo alinitazama tu. Nilidhani ananisifu moyoni.

Leo tulipotoka kanisani, kwaya ikaanza kwenye televisheni. Bibi akasogeza kiti, akasogeza tena, mpaka magoti yakagusa meza.

"Hawa ni wanakwaya au vifaranga?" akauliza.

Wote wakacheka, naye akacheka. Halafu akafumba macho, akawa anasikiliza tu, kama alivyofanya na ile mbovu. Nikakimbilia jikoni, nikajifanya naosha vyombo.

Mama Mdogo akanifuata. "Ulijua tunamnunulia Bibi. Kwa nini hukuchukua kubwa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mgeni hachagui kikubwa.

Akaichukua sahani mkononi mwangu. "Mwaka mzima unalala hapa, unakula hapa. Kumbe kwangu bado ni mgeni? Hata chai ikikosa sukari husemi."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Mimi nilidhani namtunzia heshima mdogo wako, kumbe nilikuwa namuumiza kila siku mezani kwake.

Baba Mdogo amempigia muuzaji, naye amekubali tuibadilishe kesho nikitoka shule. Baba Mdogo amesema nitachagua mimi tena, na Bibi atakuja akae mbele ya hiyo nitakayochagua, aseme kama anaona watu au vifaranga. Naona haya hata kulikaribia lile duka, lakini nitakwenda.

Nisalimie Baba, kaka na bodaboda yake, na shangazi anayefundisha watoto kanisani. Kile kitambaa ulichonishonea cha kufunikia televisheni nimekitunza. Huenda kitafaa hiyo ya kesho.

Wakati wa chakula cha jioni niliomba kuongezewa maharage. Sauti ilitoka ndogo. Mama Mdogo alinipakulia mpaka mchuzi ukamwagika mezani.

Binti yako akupendaye,
Nakijwa