Mlango Niliokufungia

12 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Kuku wa mama ameangua vifaranga sita. Nami nimepona, jana muuguzi aliniruhusu kutoka.

Siku ya msiba wa mama ulibisha hodi ukasema, "Dada, fungua, nimeleta machozi tu, sina mzigo." Nikapaza sauti nyuma ya mlango, "Rudi ulikotoka, usituletee maradhi!" Majirani wakakukwepa kama moto.

Mwenye maradhi nilikuwa mimi. Muuguzi alikwisha kunipima, akanikataza kupokea mtu. Niliona haya kuyasema majirani wakasikia. Karantini ilikuwa yangu, nikakutwika wewe.

Leo nimewaambia wote. Uso sina.

Unikumbuke, mdogo wangu, nilivyokuwa nikikufungulia kabla hujabisha.

Dada yako