Kupanda na Maji Bila Wewe

Newala, Jumapili asubuhi, mwezi Septemba

Mpendwa Baba Somoe,

Bomba limekauka tena, na Jumanne nilishuka bondeni na baiskeli yako kuchota maji. Peke yangu. Tangu tukuzike, kaka yangu hachoki kunipigia simu kutoka Masasi: "Dada, funga nyumba ushuke. Huko juu nani atakusukumia baiskeli?" Nikamwambia nitajaribu mara moja, nikishindwa, nitahama.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda? Wewe umeshika usukani, mimi nyuma nasukuma madumu matatu, nawe unanifundisha fizikia kama wanafunzi wako wa kidato cha pili. Mimi wa darasa la saba! Nikiomba tupumzike, unakataa: "Usisimame, Mama Somoe. Kitu kinachokwenda hupenda kuendelea kwenda. Kukianzisha upya ndiyo shida."

"Basi mimi si kitu," nilikujibu siku moja. Ulicheka mpaka baiskeli ikaturudisha nyuma, dumu moja likapasuka, tukafika nyumbani tumelowa.

Jumanne nilifunga madumu mawili, moja kila upande, uzito uwe sawa. Nilikwenda vizuri hadi kwenye kona ya mawe. Hapo nikateleza kwenye changarawe, nikasimama. Baiskeli ikawa nzito kama imeota mizizi. Nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikakumbuka ulivyonichorea mchangani kwa kijiti: mlima ukiukata kwa mshazari, njia inarefuka, lakini nguvu inayotakiwa inapungua. Nikavua ndala ili nyayo zishike ardhi. Nikasukuma kuelekea kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Mama Issa na wenzake, ndoo kichwani, wakanikuta hapo. "Mama Somoe, umelewa uraka wa mabibo asubuhi yote hii?"

"Nafuata fizikia."

"Fizikia gani inayoyumba hivyo?"

Walicheka sana. Lakini nilipogeuka baadaye, Mama Issa naye alikuwa anapanda kwa mshazari nyuma yangu.

Nilifika jua limeshakuwa kali, na maji hayakumwagika. Nikaoga kwa makopo mawili, nikanywa chai barazani, ndipo nikampigia kaka. Sihami. Akasema atanitumia mpira mpya wa gurudumu la nyuma.

Bado nakulilia, ila si kila siku. Nyumba yetu imetulia, nami nimetulia ndani yake.

Pumzika, mwalimu wangu. Na huko uliko, nikumbuke.

Mkeo,
Mama Somoe