Nimefungua Makopo Yako ya Gundi

Dunda,
S.L.P. 27,
Bagamoyo.
9 Machi, 1974

Mpendwa Kaka Bwanaheri,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Hamburg? Baridi inakuachia hata kidogo? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila mama miguu inamsumbua. Mpwa wako Rehani anaota meno na halali, basi barua hii naiandika kwa vipande, mtoto mgongoni. Usiucheke mwandiko.

Kaka, nimefungua yale makopo mawili ya gundi uliyompa baharia mwenzako Alawi atuletee. Najua ulisema yakae, na kile kihori cha kuvulia cha marehemu baba kisiguswe mpaka urudi ukimalize mwenyewe. Miaka minne tumekuwekea. Mwezi uliopita nafagia uani, nikakuta mchwa wamepanda gogo lililokiegemeza, wamebakiza kidole kimoja kuufikia mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Nikamwambia Muhidini achukue randa. Akakataa, eti ni mali ya shemeji. Nikamwambia, "Mchwa hawamjui shemeji yako."

Alawi alikuwa ametueleza: kopo moja gundi, la pili dawa ya kuigandisha, vipimo sawa, kisha utie unga wa mbao mpaka iwe nzito. Huo unga niliuchekecha kwa chekeche langu la jikoni. Nikaona kukoroga mimi ndiye fundi, nikakoroga bakuli zima kwa mara moja. Muhidini alikuwa bado anakwangua mbao, basi nikalifunika kwa kawa, nikaliweka juani kama unga wa maandazi, nikaenda kunyonyesha. Kurudi, kawa linafuka moshi! Shangazi Sihaba akapiga kelele, "We Mardhiya, umepika nini, mwanangu, mawe?" Na kweli lilikuwa jiwe, mwiko umesimama katikati. Mpaka leo haujatoka.

Basi tukajifunza. Unakoroga kidogo kidogo, ndani ya kifuu cha nazi, kivulini, mpaka ukigeuza kijiko isidondoke. Muhidini anashika ubao, mimi naijaza kwenye pembe, pale mataruma, mbavu za chombo, yanapokutana na mbao, kisha naisawazisha kwa mgongo wa kijiko. Mikono nimeivika mifuko ya nailoni.

Harufu yake kali, lakini si ile yetu. Unaikumbuka sifa, yale mafuta ya papa? Mimi na wewe tumekaa ubavuni mwa mashua za watu tunasokota pamba, baba anaigongomea kwenye nyufa kwa nyundo yake ya mti, na wewe unanipaka mafuta puani ili nikalie kwa mama. Darasani hakuna aliyetaka kukaa nami. Gundi hii haina mlio. Unapaka kimya kimya tu. Mara mbili nilijikuta nimesimama na kijiko mkononi, nasikiliza ile nyundo.

Mama naye alikuja, akapapasa ukingo, akauliza, "Pamba iko wapi?" Nikamwambia humu haitakiwi. Kisha akasema, "Baba yenu angegomba. Akimaliza kugomba, angeomba kijiko."

Mbao tatu za chini, zile alizozitia pamba baba kwa mkono wake, sijazigusa. Huko hakuna hata tone la gundi. Utazikuta alivyoziacha.

Kihori kitaingia majini kabla ya Maulidi, Mungu akipenda. Muhidini atavulia, watoto wapate kula. Ni chako, na jina utakipa wewe. Lakini kukusubiri huku kinaliwa, kaka, hilo nimekataa. Sikuombi radhi kwa hilo. Kwa bakuli zima lililoganda, ndiyo, nakuomba.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi Sihaba, na Muhidini, ambaye ameniomba niandike kwamba yeye alikataa. Alawi mkikutana bandarini, mpe salamu zangu. Mungu akuepushe na kila baya la baharini na la nchi kavu.

Najua utakasirika. Usinigombeze kwa barua, maana sitaifungua. Njoo unigombeze hapa uani. Mama ameshaniambia atakuwa upande wako.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinuna,
Mardhiya