Siku Arobaini za Njaa ya Mwangaluka

Baba,

Shikamoo. Naanza na salamu nikijua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba asiyesalimia hana haki ya kuongea, wala ya kula. Leo ni arobaini yako. Watu wa misa wameshaondoka, masufuria yameoshwa, mama amejilaza kidogo. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba, hapa hapa Kigwa, kwenye lile gogo ulilokuwa ukichongea mizinga.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeziulizia. Mvua bado. Nyuki wa mizinga miwili ya kule Sikonge wamehama, baba mdogo anaitazama iliyobaki. Kiti chako mama amekigeuza cha kuwekea debe la mahindi. Usimlaumu, hataki kukiona kitupu. Cherehani yangu nimeifunika kitambaa kule Igunga muda wote huu, wateja wamenuna, waache wanune.

Lakini sikukaa hapa kukuandikia habari za debe. Nataka tuongee kuhusu Mwangaluka.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa na miaka saba hivi. Niliamka nikakimbilia jikoni, nikachovya mkono kwenye kiporo cha viazi kabla sijamwamkia mtu yeyote. Hukunipiga. Ulinishika mkono ukaniambia yupo mnyama mmoja mkubwa kuliko behewa la mizigo ambaye hawezi kufanya hivyo hata njaa imuue. Ni dinosaria, ukasema, ila si hao wa kwenye kitabu chenu cha shule. Huyu alikuwa wa misitu yetu tu. Ngozi yake kama gome la mninga, na mgongoni ana mashimo ambamo nyuki walijenga, kwa hiyo akitembea anavuma. Wenzake wote walikufa, akabaki peke yake huko porini nyuma ya Kigwa.

Ndipo wakashuka watu wa sayari nyingine, wenye bustani yao ya wanyama, wakaja kumchukua. Ilikuwa asubuhi. Wakiwa wanamfunga kamba akapita bibi yake babu yako, jembe begani, anakwenda shamba. Na Mnyamwezi hampiti mtu bila kumsalimia, hata mtu huyo akiwa na macho sita. Akawaambia, "Mwangaluka!" Habari za asubuhi, basi. Wao wakadhani wametajiwa jina la mnyama. Wakaliandika, wakaenda kulibandika kwenye uzio wake, na mpaka leo dinosaria wa mwisho anaitwa Habari za Asubuhi.

Ulicheka wewe mwenyewe mpaka ukakohoa.

Huko bustanini, ulisema, aligoma kula. Walimletea majani ya kila namna akayageuzia shingo, kwa sababu aliyezaliwa Unyamwezi hali kabla hajasalimiwa. Yule bibi akamhurumia. Akawa anatoka nje kila asubuhi, anainua uso juu, anasalimia. Na watoto wake baada yake, na wajukuu, mpaka ikafika zamu yako. Nilikukuta ukifanya hivyo, na nilipokuwa nikifuatana nawe kurina asali, nimekaa kwenye kerea ya baiskeli huku ndoo zinanigonga magoti, hata huko msituni hukugusa uji kabla ya kumsalimia.

Darasa la tano mwalimu akatuambia mwanga wa nyota huchukua miaka mingi kutufikia. Nilirudi mbio nije nikuumbue. Hukubabaika hata kidogo. Ukasema ni kweli, salamu nazo huchukua miaka thelathini kufika kule. Nikakuuliza, sasa leo amekula salamu ya nani? "Ya babu yako." Na zako? "Zangu ziko njiani." Na ile miaka ya mwanzo kabisa, kabla ya salamu ya kwanza kufika, alikula nini? Nilidhani hapo nimekukamata. Ukajibu, "Asali ya mgongoni. Ila hiyo ilikwisha zamani. Ndiyo maana haturuki hata siku moja."

Haturuki hata siku moja, baba. Maneno yako hayo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo tangu tulipokuzika nalikwepa. Kule hospitalini mjini Tabora, siku za mwanzo ulijikokota mwenyewe hadi dirishani ukasalimia, na wagonjwa wenzako wakakuitikia wakidhani ni wao. Halafu miguu ikagoma. Asubuhi ile ukaniambia, "Kalunde, toka nje umsalimie. Atashinda njaa." Nilikuwa nimekesha siku ya tatu kwenye mkeka chini ya kitanda chako. Nilikuwa nimetoka kukufulia mashuka, mikono inanuka dawa. Na nilikuwa naogopa, maana nilidhani umeanza kuweweseka, na kwenye wodi ile walioanza kuweweseka nilikuwa nimewaona walikoishia. Nikakwambia, "Baba, tulia. Hakuna mnyama. Hajawahi kuwepo."

Ukanitazama. Ukasema, "Haya."

Ukageukia ukutani. Siku iliyofuata ulimwomba muuguzi maji, hukuniomba mimi. Kesho yake alfajiri ukaondoka. Kwa hiyo neno lako la mwisho kwangu ni "haya", na nimelipindua kama nguo iliyoshonwa vibaya, nikitafuta mshono ulipo. Haya, nimekubali? Haya, umeniumiza? Haya, basi, kama hutaki? Ungenigombeza ingekuwa afadhali. Ungeniita mjinga ningelia pale pale yakaisha.

Mazishini, kesho yake, sikulia. Nilikuwa mkavu kama matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, watu wakanong'ona. Kilichonivunja ni mtani wako, Mgogo yule, Mzee Chilewa. Unajua tena watani, msiba ni wao. Alikuja alasiri wakati jeneza linasubiri, akalivaa lile koti lako la kijivu ambalo nililibadilisha bitana mwaka jana, akatoka mbele ya waombolezaji wote akitembea kwa mwendo wako wa goti bovu. Akainua uso mbinguni akapiga kelele, "Mwangaluka!" Kisha akamgeukia padri akasema, "Mnamzika mtu anayeamkia mawingu, mna hakika amekufa? Huenda amepanda kumfuata mchumba." Watu walikufa kwa kicheko. Hata mama aliziba mdomo kwa khanga. Mimi ndipo machozi yakanitoka, nikaenda kulilia nyuma ya tanuri la matofali mpaka wakaniita kutupa udongo.

Jana asubuhi mama aliniwekea chai na matobolwa. Unamjua mama na hadithi ile. Miaka yote aliiita wazimu wa asali, alisema moshi wa mizinga umekuingia kichwani. Jana alisimama mlangoni na ufagio wake, akaniuliza bila kunitazama, "Yule mnyama wenu, siku hizi nani anamsalimia?"

Nikalirudisha tobolwa kwenye sahani. Nikasema, hakuna. Mama akasema, "Ehee," akaendelea kufagia.

Ndipo nikaanza kuhesabu, baba. Siku ile niliyokukatalia, na iliyofuata, na zote tangu ulipofariki mpaka jana. Siku arobaini na moja. Tangu bibi yake babu yako hadi kwako hakuna aliyeruka hata moja, na mimi nimeruka arobaini na moja kwa mpigo.

Leo nilitoka mapema kabla ya watu wa misa. Niliona haya, nakwambia ukweli, mtu mzima mwenye mtoto nimesimama uani nimeangalia juu kama kuku anayemwogopa mwewe. Nikasema, "Mwangaluka." Jirani aliyekuwa akipita na gunia la mkaa kwenye baiskeli akaitikia, "Mhola!" Nikahofia kwamba kwa kuwa ameiitikia yeye, salamu yote imeishia pale, nikairudia kwa sauti zaidi. Halafu ndipo nikanywa chai.

Sitakudanganya ili nijisikie vizuri. Bado siamini kama yupo. Lakini sikuwa na haki ya kumuua nikiwa nimesimama mbele ya kitanda chako, na wewe huna nguvu ya kumtetea. Nisamehe kwa hilo. Ulichoniomba kilikuwa neno moja na hatua kumi hadi mlangoni.

Zako ziko njiani, hiyo ndiyo faraja yangu. Miaka thelathini bado atakuwa anakula salamu zako, na kila asubuhi atadhani u mzima. Halafu zitafika zile siku nilizoruka. Atasikiliza asubuhi, asisikie kitu, atawageuzia shingo majani yao. Mimi nitakuwa bibi kizee, kama Mungu atanifikisha huko.

Naahidi mambo mawili. Sitaruka tena, na mwanangu Stela nitamfundisha ili nikianguka aendelee. Na siku zile zikifika, mimi pia nikishasalimia sitatia kitu kinywani. Nitakaa na njaa hadi jioni, siku moja baada ya nyingine, nione ilivyo. Isipokuwa siku ya nne. Siku ya nne, alasiri, wakati si wa mwangaluka bali wa mwadila, salamu yetu ya mchana, itafika sauti ya Mgogo asiyejua lugha ya watu, imechelewa, imekosea, ina kicheko cha msibani ndani yake. Nadhani ataila. Mwenye njaa hakosoi salamu. Basi na mimi siku hiyo nitapakua. Zinabaki arobaini kamili, na hizo ni zangu.

Mama ameamka, ananiita nikamsaidie kuingiza viti. Pumzika. Pale ulipo, kama kuna asubuhi, kuna mtu atakusalimia.

Haya, baba.

Kalunde