Kamba ya Filimbi

Dada, niko chooni hapa uwanjani, nina hasira ajabu.

Nimeanguka mzunguko wa mwisho wa mbio. Kisigino kimegoma kabisa.

Halafu kocha, KOCHA, anawaambia viongozi wa timu mbele yangu, "Huyu binti alinificha kwamba ameumia."

Eti nilimficha!

Asubuhi nilimwambia siwezi hata kukanyaga. Akanifunga bandeji yeye mwenyewe. Vibanio vya kuishikilia havikuonekana, akachomoa kamba nyekundu ya filimbi yake, akaifungia. "Vaa soksi ndefu, funga mdomo, ukimbie."

Sasa eti nilimficha. Mimi!

Nilivua soksi palepale, nikauweka mguu juu ya meza yao.

Wote wakaitazama ile kamba. Kisha wakaitazama filimbi mkononi mwa kocha, haina kamba.