Ubao wa Kumi na Nne

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu kamera yako irudi nyumbani bila wewe. Aliileta askari wa hifadhi, ameikumbatia kwa mikono miwili, na ile stendi ya miguu mitatu ameitia kwapani. Mkeo alimfungulia mlango akiwa na taulo begani, maana alikuwa ameshakutengea maji ya kuoga. Mpaka leo hapendi kuyazungumzia maji yale.

Tunakuandikia gazetini kwa sababu barua tatu tulizopeleka kwingine hazikujibiwa. Wenzetu kwenye ukurasa huu wanawakumbuka wapendwa wao kwa upole, nasi tulitamani iwe hivyo. Utusamehe, mwaka huu uchungu umetangulia. Dada yako ndiye aliyeshika kalamu kwa niaba yetu, na unamjua alivyo, akianza hana breki.

Wasiokujua tuwaambie kidogo. Ulikuwa na studio ya chumba kimoja, kati ya kinyozi na duka la vitasa, yenye kiti kisicho na mgongo na shuka jeupe lililopigwa misumari ukutani. Nusu ya mtaa inatembea na sura uliyoipiga wewe. "Kidevu juu kidogo, mama. Usinune, hujakamatwa." Picha za pasipoti ndizo zilizotulisha sisi. Wewe ulilishwa na siku mbili za kila wiki ulizokwenda hifadhini.

Tuliijua ratiba yako kama tunavyojua njia ya chooni. Asubuhi ulikuwa kwenye maporomoko, kabla jua halijayakausha manyunyu yake. Saa sita ulikuwa ukingoni mwa korongo, kwa sababu ni saa hiyo tu mwanga unafika chini kabisa na miamba inaonyesha wekundu wake. Jioni, hewa ikianza kupoa na mvuke kuwa mzito, ulimalizia kwenye chemchemi za maji moto. Ulirudi unanuka mayai viza. Mkeo alikuwa akikuvulisha shati barazani, na mama yako akipita anasema, "Huyu mwanangu anafanya kazi jikoni kwa shetani." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Lakini hukuwa na mzaha na njia ya mbao. Kule kwenye chemchemi watu hupita juu ya mbao kwa sababu ardhi yenyewe ni ganda tu, na chini yake panachemka. Ulikuwa mkali kuliko askari wenyewe. Bwana harusi mmoja alishuka pembeni na suti yake ili apigwe picha karibu na mvuke, nawe ukaweka kamera chini ukamwuliza mbele ya wazee wake, "Bwana, umekuja kuoa au umekuja kupikwa?" Akarudi mbio. Ukaikosa kazi ile, na hukujali. Ulisema aliyeaga kwao kwa suti arudi kwao na suti. Mara mbili uliwaambia watu wa ofisi kwamba baadhi ya mbao zimeanza kuoza, na mara mbili walikuambia wamepokea taarifa.

Kila ulipotua stendi, picha ya kwanza uliielekeza chini, kwenye viatu vyako. Buti mbili na kile ulichokanyaga, basi. Ulitaka ukirudi msimu mwingine usimame pale pale, usihame hata kwa kidole, upate kuona maji yamehama kiasi gani. Askari walikucheka wakakuita Bwana Buti, jina likakufuata mpaka nyumbani, na hata mama yako akalizoea.

Mkeo alikuwa nusu ya kazi hiyo. Ukishaoga mlikaa kwenye meza ya kompyuta, wewe na kikombe chako cha chai iliyopoa, yeye na daftari. Mlianza na viatu. Wewe ulisoma, "Maporomoko. Jiwe lililopasuka, hatua mbili kutoka kwenye uzio." Yeye aliandika. Kisha ulisema, "Futa."

"Nimefuta," alijibu. "Miguu yako nimeiona ya kutosha tangu siku ya ndoa."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na moja. Buti zikiandikwa, zinafutwa, na picha nzuri zinabaki.

Siku moja baada ya kuondoka kwako sebule ilijaa watu. Kila mmoja alimwambia mkeo akae, ale, alale. Yeye akaingia chumbani, akafunga mlango, akawasha kompyuta. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya, hakuna zaidi ya hapo. Kwenye kadi ya kamera alikuta buti tatu na picha kumi na moja. Hakukuwa na wa kumsomea, akajisomea mwenyewe, akaandika. Ya mwisho aliiandika hivi: "Chemchemi kubwa. Ubao wa kumi na nne kutoka kwenye kibao cha onyo. Una ufa upande wa kushoto." Kisha akafuta zote tatu, kama alivyofanya siku zote.

Usimlaumu. Mpaka saa ile hakuna aliyekuwa ametaja njia. Tuliambiwa tu kwamba ulianguka kwenye maji ya moto, na kwamba ilikuwa haraka. Neno haraka walilirudia sana.

Siku ya mazishi dada yako akasimama katikati ya sebule akatangaza, "Huyu hazikwi kwa picha za simu. Leteni kamera yake." Hakuna aliyembishia. Binamu yako akapiga picha mia tatu na zaidi, kwa kadi ile ile, mpaka ikajaa.

Wiki ya tatu ikaja ripoti ya hifadhi. Kurasa nne, na mstari mmoja tu tulioushika: "Marehemu alitoka nje ya njia iliyoruhusiwa." Wewe, Bwana Buti! Tulisoma tukadhani wamechanganya na mtu mwingine. Picha zako kumi na moja hazikuweza kukutetea, kwa kuwa zinaonyesha maji na mvuke, hazionyeshi ulisimama wapi. Habari ikatoka ofisini ikaingia mtaani. Kwenye foleni ya duka mtu alimwambia mwenzake, huku mama yako yuko nyuma yao, "Ndiyo hivyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mama hakununua kitu siku hiyo. Alirudi na kikapu kitupu akakaa barazani.

Hapo ndipo mkeo alipokumbuka zile buti, na hapo ndipo nyumba yetu ilipopasuka.

Tulikwenda kwa fundi wa kompyuta. Akahangaika na ile kadi siku mbili, akatuambia kwa huruma kwamba kilichofutwa huweza kurudi, ila siyo kikiwa kimeandikiwa juu. Alituonyesha kwenye kioo. Pale ilipokuwa picha ya mwisho ya viatu vyako palikuwa na jeneza lako.

Dada yako hakusikia habari ya jeneza. Alisikia tu kwamba kuna mtu alifuta. Walikuwa bado mlangoni kwa fundi.

"Wifi, ulikuwa unafuta nini? Mtu amekufa jana, wewe unasafisha kadi?"

"Niliandika kwanza. Yamo kwenye daftari. Ubao wa kumi na nne, una ufa."

"Daftari kila mtu anaweza kuandika. Nani atajua hayo hukuyaandika jana?"

"Wifi, mimi?"

"Umemzika mara mbili."

Tunayaandika haya waziwazi kwa sababu dada yako mwenyewe amelazimisha yaandikwe. Watu wa hifadhi walisema maneno hayo hayo, kwa lugha ya kiofisi, kwamba maandishi ya mke si ushahidi. Lakini wale hawakuwa wamekula chungu kimoja na mkeo kwa miaka kumi na moja. Baada ya siku ile wifi mtu na wifi yake hawakusalimiana. Mkeo hakujitetea kwa yeyote. Alikuwa akilitoa daftari, anasoma mstari ule, analirudisha kabatini. Alikonda. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameinama kuyazoa kila siku.

Kwa nini hatukwenda kuhesabu? Tulikwenda. Njia ya chemchemi kubwa ilifungwa siku ile ile uliyofariki, tukarudishwa getini. Ikakaa imefungwa miezi kumi.

Ilipofunguliwa, shule ya binti yako ikapeleka watoto kutembea. Akarudi hakuvua hata mkoba. Akamwambia mama yake kuna kibao kipya pale, kina maandishi meupe, mwalimu amewasomea wote kwa sauti. Kinasema mpiga picha mmoja alipoteza maisha hapa kwa kutoka nje ya njia, na wageni wajifunze kwake. Wenzake walijua ni nani. Akauliza, "Mama, kwani baba alikuwa hasikii akikatazwa?"

Mkeo alivaa kanga yake akaenda kwa dada yako, akabisha hodi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Hakukaa.

"Wifi, sikuombi uniamini. Nakuomba unisindikize."

Walikwenda wawili. Mkeo alikuwa amevaa buti zako za zamani, zile zilizobaki chini ya kitanda, kajaza soksi mbili mbili zisimtoke. Getini wakamkuta askari yule yule aliyerudisha kamera. Aliziona zile buti, akainamisha macho.

"Mama, mimi nina kazi na nina watoto," akasema. "Sisemi kitu. Natembea tu."

Akatembea mbele yao. Wakapita maporomoko bila kusimama, wakazunguka ukingo wa korongo, mpaka penye kibao cha onyo, na pembeni yake kile kipya chenye maandishi meupe. Hapo mkeo akaanza kuhesabu kwa sauti, kanyaga moja, ubao mmoja. Dada yako alikuwa nyuma yake, na anakiri kwamba alikuwa anahesabu naye kimoyomoyo huku akiomba asikosee, na hakujua anamwombea nani. Mbao zote zilikuwa za kijivu kwa mvua na mvuke, misumari yake imeshika kutu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Wa kumi na nne ulikuwa mpya.

Ulikuwa mmoja tu, wa njano, misumari inang'aa, na ukiinama unasikia bado harufu ya kiwanda cha mbao. Kabla yake mbao chakavu, baada yake mbao chakavu. Kama ulitoka nje ya njia, walikuwa wanatengeneza nini? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii tumeihesabu, ina mbao kumi na nne.

Askari alikuwa amesimama mbele kidogo, kofia mkononi, anatazama upande mwingine.

Dada yako alikaa chini pale pale, na nguo yake nzuri. Akasema, "Wewe uliandika kabla ya kufuta. Mimi ndiye niliyemwandikia juu." Kisha akasema nisamehe, mara nyingi, mpaka mkeo akamwambia, "Basi, wifi, simama. Ukimaliza kulia nishikie stendi, nisije nikaangusha kamera ya watu."

Alitua stendi yako juu ya ubao ule akaielekeza kamera chini. Hajawahi kupiga picha maishani mwake, kazi yake ilikuwa kuzifuta. Alipiga moja. Jioni waliiweka kwenye kompyuta, binti yako katikati yao, na dada yako akasoma kwa sauti ili mkeo aandike: "Chemchemi kubwa. Ubao wa kumi na nne kutoka kwenye kibao cha onyo. Mpya." Binti yako, aliyekulia kwenye meza ile na anajua kinachofuata, akauliza, "Nifute?"

"Hii haifutwi," mkeo akasema.

Ndiyo maana juu ya tangazo hili hakuna sura yako, na wanaokupenda wasishangae. Kuna buti zako, miguu ya mkeo imo ndani yake, na ubao mmoja wa njano kati ya mbao za kijivu. Wa hifadhi wanaosoma gazeti hili wanaujua, waliupigilia wenyewe. Hatuwaombi kitu kingine. Waung'oe mstari wao mmoja, na kile kibao chao cha maandishi meupe, kama walivyong'oa ule ubao wenye ufa. Wala hawatapata shida, mafundi wa kazi hiyo wanao.

Studio yako bado ina kile kiti. Mkeo ameanza kupiga za pasipoti, na watu wanasema hazina ubaya ila wote wanatoka wamenuna. Atajifunza. Tumekukosa sana. Tumekukosa mezani, tumekukosa barazani, na hata ile harufu ya mayai viza tunaitafuta kwenye mashati yako, nayo inakwisha.

Wanaokukumbuka ni mkeo, binti yako, ambaye ameshajibiwa swali lake, mama yako, aliyerudi kwenye foleni ya duka na picha hii ndani ya kikapu, binamu yako, na dada yako, aliyeandika haya mezani kwa wifi yake.

Siku zote tutakukumbuka, Bwana Buti, na tutakukumbuka ukiwa umesimama ndani ya njia.